Confucius, Laozi na Han Fei ndani ya bekari ya boflo: nani asikilizwe kwanza?

Boflo_Ngamiani:

Wakuu, asalaam aleikum, na habari za saa hizi.

Nasimamia bekari ya boflo hapa Tanga mjini, upande wa Ngamiani. Tuko kumi na wanane: wakandaji, wachomaji, wafungaji, wasambazaji wa baiskeli na bodaboda, mhasibu na mlinzi. Mwenye mali amerudi kutoka Guangzhou na mzigo wa trei, na pamoja na trei kaja na falsafa. Kila kikao sasa ni Confucius, Laozi, Sunzi, wahenga wa kale wa China. Ukuta wa stoo umejaa karatasi: "Kiongozi bora haonekani", "Kuwa kama maji". Na kweli haonekani. Anachungulia dirishani, anauliza "mambo safi?", tunajibu "safi", anaondoka.

Mambo si safi. Mkate ukitoka mbichi katikati, mkandaji anasema ni moto, mchomaji anasema ni unga, na hakuna wa kukata shauri. Kuna faini za kila aina, watu wanazikwepa badala ya kujirekebisha. Ndugu watatu wa mwenye mali wapo kazini, na mmoja wao ndiye anayepokea fedha za jioni. Na ukweli haumfikii mwenyewe.

Sitaki kumkatisha tamaa mzee wa watu, maana nia yake ni njema. Ninachouliza kwa wanaozijua hizi falsafa: kipi kinashika kweli kwenye sehemu ya kazi ndogo kama hii, na kianze kipi? Methali tunazo za kwetu, za kutosha. Halafu kuna wenzetu wawili wanauliza kama hii ni dini ya watu tunaingizwa kwa mlango wa nyuma. Naomba kuwasilisha.

---

Mwalimu_Chumbageni:

Waaleikum salaam mkuu. Tajiri wako ameanzia mwisho wa kitabu. Karatasi ya "kiongozi haonekani" inatoka sura ya 17 ya Daodejing, kitabu cha Laozi, na hiyo ni hali ya mahali ambapo kazi imekwisha kupangwa. Ukiibandika mahali ambapo hakuna anayejua mpaka wa kazi yake, unachopata ni bekari isiyo na msimamizi.

Anza na Confucius (551–479 KK), tena na jambo lake moja tu. Mwanafunzi wake Zilu alimuuliza: ukikabidhiwa serikali ya dola ya Wei, utaanza na nini? Akajibu, kunyoosha majina. Zilu akaona mzee anazunguka mbuyu. Confucius akampangia mnyororo: majina yakipinda, maneno hayaendani na mambo, maneno yasipoendana, kazi hazikamiliki, kazi zisipokamilika, taratibu zinakufa, taratibu zikifa, adhabu haziwapati wanaostahili, na adhabu zikipotea njia, watu hawajui waweke wapi mkono wala mguu. Soma tena hiyo ya mwisho, halafu tazama faini zenu.

Kwenu jina lililopinda ni "mkandaji". Kazi yake inaishia wapi? Inaishia mashine inapozimwa, au donge linapokatwa, au trei inapoingia chumba cha kuumulia? Bila jibu, mkate mbichi hauna mwenyewe. Kwa hiyo andika kadi moja kwa kila kazi (si kwa kila mtu), yenye mambo matatu: anapokea nini na kutoka kwa nani, anakabidhi nini na kwa kipimo gani, na kipi anaruhusiwa kuamua bila kuuliza.

Mfano wa mkandaji. Anapokea gunia la kilo 50, maji lita 30, sukari kilo 2 na nusu, mafuta kilo moja na nusu, chumvi kilo moja, hamira kavu ya chengachenga gramu 500. Anakabidhi donge lenye joto la nyuzi 26 hadi 28, limepimwa kwa kipimajoto cha kuchoma, namba imeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kundi, yaani wa mkando huo mmoja. Anaruhusiwa kubadilisha sehemu ya maji kwa barafu bila kumuuliza mtu. Hilo la barafu lisikosekane: Tanga kuanzia Januari mpaka Machi maji ya bomba yanatoka ya uvuguvugu, donge likitoka mashineni limevuka nyuzi 30 linaumuka mbio, linachachuka, na likifika kwa mchomaji limeshachoka, linaanguka tanurini. Mchomaji anapokea trei, anasoma namba ya ubao, na ana haki ya kukataa kabla ya kuingiza. Akishaingiza, ni yake. Ubishi wenu utakwisha hapo kwa sehemu kubwa.

Inakoharibika: watu wakishasikia "majina" wanagawa vyeo. Mnakuwa na msimamizi msaidizi, kiongozi wa zamu na mratibu, wote wanashika kitu kilekile. Mtawala Jing wa dola ya Qi alipouliza kuhusu utawala, Confucius alimwambia mtawala awe mtawala, waziri awe waziri, baba awe baba, mwana awe mwana. Cheo kisicho na kazi yake peke yake ni jina lililopinda, kifute.

Kuhusu faini, kuna orodha ya maovu manne ya mwenye madaraka karibu na mwisho wa Lunyu, mkusanyo wa maneno yake. La kwanza, kuua bila kufundisha. La pili, kudai matokeo bila kuonya kabla. La tatu, kuchelewesha amri halafu kukaza muda. La nne, kuwa bahili wa kutoa kile ambacho mtu lazima apewe. Chukua kila faini uliyo nayo, ipitishe kwenye hayo manne. "Hukufuata kipimo" wakati kipimo hakijawahi kuandikwa ni la kwanza. Oda ya shule inayoletwa saa nne usiku itoke alfajiri ni la tatu. Mshahara unaokawia kwa sababu tajiri yuko safarini ni la nne, na hilo hulipwa kwa unga unaotoka mlango wa uani.

Na kabla hujarithi faini zozote, fungua kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kumkata mtu kwa hasara aliyosababisha kuna masharti: awe amekosa yeye, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu, apewe nafasi ya kupinga, kisizidi hasara halisi, na makato yasivuke robo ya ujira wake. Confucius asingeona cha kubishia hapo.

---

Hesabu_Pongwe:

Mwalimu umefundisha vizuri, ila umemwacha ndugu yetu nusu njia. Kadi ikishaandikwa, nani anapima? Watu wa Confucius huwa wanatumaini aibu itafanya kazi. Kwa kijiji cha watu wanaojuana, sawa. Kwa bodaboda anayeondoka na mikate mia na kurudi na fedha za themanini, hapana.

Hapo anaingia Han Fei, mwanafalsafa wa utawala wa sheria kali, aliyefia gerezani katika dola ya Qin mwaka 233 KK. Fundisho lake la kazi ni hili: mtu ataje mwenyewe atafanya nini, umpe kazi kulingana na kauli yake, kisha ulinganishe matokeo na kauli. Matokeo yakipungua, anawajibika. Na yakizidi, anawajibika pia. Wengi wakifika hapo wanamwona mwendawazimu.

Mwendawazimu huyo angekuokolea bekari. Fanya hesabu ya gunia la Mwalimu: unga 50, maji 30, sukari 2.5, mafuta 1.5, chumvi 1, hamira 0.5. Jumla kilo 85.5. Toa kama asilimia mbili za kung'ang'ania mashineni na mezani, unabaki na karibu kilo 83.8. Ukikata madonge ya gramu 450, unapata mikate 186. Mkataji akikuletea 170, kuna unga umepotea. Akikuletea 200, msimamizi asiyejua atampigia makofi, kumbe kila donge limekatwa gramu 419 na mteja ameibiwa gramu 31 kabla hata mkate haujaingia motoni, ambako unapungua tena kama sehemu moja ya kumi. Wakala wa Vipimo wakipita na mzani wao, makofi yote yanageuka faini, na hiyo inamwangukia tajiri. Kwa hiyo weka dirisha: 183 hadi 188 ni salama, nje ya hapo, juu au chini, kundi linasimama na mzani unaitwa.

Kingine chake ni kisa cha mtawala Zhao wa dola ya Han. Alilewa akalala. Mtunza kofia akamwonea huruma asipigwe baridi, akamfunika joho. Alipoamka akauliza nani kanifunika, akaambiwa. Aliwaadhibu wote wawili: mtunza joho kwa kutofanya kazi yake, mtunza kofia kwa kuvuka kazi yake. Kwenu, mfungaji anayeona tanuri limepoa akazidisha moto kimyakimya ni mtunza kofia. Nia njema, lakini tangu dakika ile mchomaji hajui tena anachoma kwa joto gani.

Lakini nisiwe mshabiki. Huyu mzee ana sumu, na sumu yenyewe ilionekana. Qin iliyojengwa kwa mawazo ya namna hii iliunganisha China mwaka 221 KK, ikaporomoka chini ya miaka kumi na sita baadaye. Mwaka 209 KK watu 900 walikuwa wanapelekwa kulinda mpaka, mvua ikawazuia njiani mahali panapoitwa Daze. Kwa simulizi ya kale, kuchelewa adhabu yake kifo. Viongozi wao wawili, Chen Sheng na Wu Guang, wakapiga hesabu: kuchelewa ni kifo, kuasi ni kifo, basi tuasi. Sasa msambazaji wako anayenyeshewa masika akielekea Pongwe au Maweni, ukimkata posho ya siku nzima kwa kuchelewa robo saa, akishachelewa hiyo robo saa hana sababu ya kuja kabisa. Atazima simu. Adhabu lazima ipande ngazi, na ngazi ya chini kabisa iwe ndogo kiasi kwamba kuja umechelewa kuwe bado na faida kuliko kutokuja.

---

Binti_Pangani:

Shikamooni wakubwa. Kaka Hesabu, kisa cha kofia nakukubalia nusu tu. Mtu akishaona waliovuka mipaka wanaadhibiwa, hatua inayofuata ni kunyamaza. Mfungaji ataona donge limefurika kwenye trei, atageuza shingo, kwa sababu si lake. Lazima mtenganishe kusema na kugusa. Kusema ni kwa kila mtu, wakati wowote, kwa sauti. Kugusa ni kwa mwenye kadi. Na kitufe cha kuzimia mashine ya kukandia kiwe nje ya sheria zote hizi: mkono wa mtu ukinaswa hatutafuti mwenye kadi.

Mwuliza swali amesema ukweli haumfikii mwenye mali. Hapa Confucius anasingiziwa sana, watu wanadhani alifundisha utii wa bubu. Katika Xiaojing, kitabu kifupi cha kuwaheshimu wazazi, mwanafunzi wake Zengzi anauliza kama mwana kumtii baba kwa kila neno ndiyo heshima yenyewe. Anakemewa: maneno gani haya! Mfalme mkuu akiwa na washauri saba wa kumpinga, hata akiwa mpotovu hapotezi milki. Mtawala wa dola watano. Mkuu wa nyumba kubwa watatu. Baba akiwa na mwana wa kumpinga hatumbukii kwenye uovu. Angalieni zile namba. Kupinga hakukuachwa kwa jasiri atakayejitokeza. Kuliwekewa idadi ya viti.

Na sisi watu wa pwani tunajijua. Mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu, hata wali ukiwa umeungua. Swali la "mambo safi?" lina jibu moja tu kwa mtu mwenye adabu. Kwa hiyo kukosoa kuwe ni kazi aliyopewa mtu, asihesabike amekosa heshima. Kwa bekari ya watu kumi na wanane, watatu wanatosha: mhasibu siku zote, na wawili wanaobadilishwa kila mwezi, mmoja wa ndani na mmoja wa barabarani. Kila Alhamisi, kabla ya zamu ya jioni, kila mmoja analeta jambo moja lililoharibika na kielelezo chake: mkate wenyewe, daftari, trei. Tajiri anasema wa mwisho. Kabla ya Jumamosi anajibu kwa maandishi, kwa neno moja kati ya matatu: tutafanya, hatutafanya kwa sababu hii, au tunapima kwanza. Akishindwa kujibu mara mbili mfululizo, vunjeni utaratibu, kwa kuwa watu watakuwa wameshajua ni maigizo.

Msiweke sanduku la maoni. Mwaka 686 malkia Wu Zetian aliweka sanduku la shaba lenye vyumba vinne mjini Luoyang, watu watumbukize maoni, malalamiko, mashauri. Muda si muda likawa bomba la majungu na watu wakapotea kwa barua za siri. Sehemu ndogo kama bekari ni mbaya zaidi, mwandiko wa kila mtu unajulikana. Mfano wa kufuata ni wa nyuma kidogo ya hapo, mtawala Taizong na waziri wake Wei Zheng, aliyekuwa akimpinga uso kwa uso mbele ya baraza.

Sasa ndugu watatu. Nitaanza na kisa kinachowatia watu kichefuchefu. Mtawala wa She alijisifu kwamba kwake kuna mtu mnyofu: baba yake aliiba kondoo, mwana akaenda kutoa ushahidi. Confucius akasema kwao unyofu ni mwingine: baba anamsitiri mwana, mwana anamsitiri baba. Unaweza kumlaumu. Mimi naona amekupa taarifa ya bure: ndugu atamsitiri ndugu. Basi usipange kazi kwa kutegemea kwamba hatamsitiri.

Serikali za nasaba za Ming na Qing kule China zililielewa hilo. Afisa hakupangiwa jimbo alikozaliwa, na ndugu wa karibu wawili wakijikuta ofisi moja, mwenye cheo cha chini ndiye anahamishwa. Hawakukatazwa kazi. Walikatazwa kukaa kwenye mnyororo mmoja. Kwenu mnyororo una pingili nne: anayetoa mikate stoo, anayeipeleka, anayepokea fedha, anayelinganisha daftari. Ndugu awe kwenye pingili moja tu, na anayempokea au kumkagua asiwe ndugu. Huyo wa fedha za jioni mpeleke kwenye manunuzi ya hamira au oda za shule, mahali anapoheshimika na pasipopita noti. Mwambieni tajiri ampeleke yeye mwenyewe, asimwachie msimamizi ugomvi wa ukoo.

Na Sunzi aondoke ukutani, samahani. Sura kumi na tatu za kitabu chake cha vita ni za kushughulika na adui. Sentensi moja tu ingefaa, ile ya kwamba askari wakiadhibiwa kabla hawajakuzoea hawatakutii, na wakikuzoea usipowaadhibu hawatatumika. Kwa mfanyakazi mpya: wiki za mwanzo ni kuelekezwa, adhabu baadaye.

---

Mzee_wa_Raskazone:

Marahaba binti. Nami niongeze la dini na la Laozi, mengine mmeyamaliza.

Wale wawili wanaouliza wana haki ya kuuliza. Kuna mambo mawili yamechanganywa. La kwanza ni mafundisho ya kupanga kazi na kuishi na watu: kadi za kazi, ushauri, kutenganisha ndugu na fedha. Hakuna ibada hapo. Wanazuoni Waislamu wa China wenyewe waliandika dini yao kwa lugha ya Kichina wakitumia istilahi za Confucius, Liu Zhi wa karne ya 17 na 18 ni mmoja wao. La pili ni ibada: kijialtari cha Guan Yu dukani, yule jemadari mwenye uso mwekundu anayeheshimiwa na wafanyabiashara kama mlinzi wa ahadi na mali, na udi unaochomwa mbele yake. Wafanyabiashara wa Fujian na Taiwan walikuwa na sadaka kwa mungu wa ardhi, Tudi Gong, kila tarehe 2 na 16 ya mwezi mwandamo, na ile ya mwisho wa mwaka, tarehe 16 ya mwezi wa kumi na mbili, ikawa karamu ya tajiri na wafanyakazi wake. Tajiri wenu akileta sanamu au sadaka, huko ni kwingine, na mfanyakazi aachwe na dini yake. Karamu bila sadaka, leteni pilau.

Kuna desturi kwenye karamu hiyo, kichwa cha kuku kilikuwa kikielekezwa kwa mtu anayeachishwa kazi. Adabu ya kumficha mtu aibu ya maneno, lakini aibu ya macho iko palepale. Mtu aitwe pembeni, aambiwe, apewe barua.

Kwa Laozi. Sura ya 17 ina daraja nne: mtawala ambaye watu wanajua tu kwamba yupo, anayefuata wanampenda, kisha wanamwogopa, kisha wanamdharau. Tajiri ameruka daraja tatu kwa karatasi moja. Sura iliyo na faida kwake ni ya 60: kuongoza nchi kubwa ni kama kukaanga samaki wadogo. Wapikaji wote wa soko la samaki la Deep Sea wanajua. Ukiwageuzageuza unabaki na vichwa na makombo. Maana yake kwenye bekari ni kuacha kubadilisha mambo ovyo. Leo sukari kilo 3, kesho 2, keshokutwa hamira ya aina nyingine na tanuri linafunguliwa kila dakika kuangalia. Kila mlango ukifunguliwa joto linashuka, ganda linakawia, na mchomaji anaongeza moto kufidia, ndipo unapata mkate mweusi juu na mbichi ndani. Wekeni hivi: badiliko moja kwa mwezi, kitu kimoja peke yake, kwenye kundi moja kwanza, na namba za kabla na baada zikae daftarini. Mkibadilisha viwili pamoja hamtajua kipi kimefanya nini.

Kutoingilia ni kitu kinachostahiliwa na aliyefundishwa. Mchinjaji katika kisa cha Zhuangzi, mwanafalsafa wa mkondo wa Laozi, alitumia kisu kimoja miaka 19 na makali yakawa kama yametoka kunolewa, wakati wachinjaji wa kawaida hubadilisha kila mwezi, lakini anaeleza mwenyewe kwamba miaka ya mwanzo alimwona ng'ombe mzima tu, na kwamba hata sasa akifika kwenye kiungo kigumu anapunguza mwendo. Mkandaji mpya unayemwachia mashine kwa jina la Laozi atakuvunjia gia.

Na kama tajiri anataka karatasi moja ibaki ukutani, naomba iwe ya Baizhang, mkuu wa monasteri ya Wabudha wa Chan aliyefariki mwaka 814. Alifanya kazi za mashamba na wanafunzi wake hadi uzeeni. Wakamwonea huruma, wakamficha zana. Hakufanya kazi siku hiyo, na chakula akakataa: siku bila kazi, siku bila kula. Tajiri aje afanye zamu moja kamili ya usiku kila mwezi, mezani pa kukatia, amevaa kofia ya nywele kama wengine. Hatauliza tena kama mambo ni safi.

---

Boflo_Ngamiani:

Nawashukuru sana, nimechapa yote. Mawili yamebaki. Moja, tajiri amesikia habari za Zhang Ruimin, aliyeongoza kampuni ya friji ya Haier, kwamba mwaka 1985 kule Qingdao aliwafanya wafanyakazi wavunje kwa nyundo friji 76 mbovu, na inajulikana anamsoma Laozi. Anataka tuanze kutupa mikate mibovu barabarani, mbele ya watu. Mbili, tukianza Jumatatu, tushike lipi?

---

Hesabu_Pongwe:

Mkuu, zuia. Friji ni chuma na gesi. Mkate ukitupwa Ngamiani mbele ya watu, hasira haitamwendea aliyekosea, itamwendea aliyetupa. Kilichofanya kazi kule ni kwamba waliovunja ndio waliotengeneza, na kila kasoro ilionekana kwa macho. Unaweza kupata hayo mawili bila kufuru. Mkate mbovu wa kila kundi ukatwe katikati, ukae mezani pa kukatia mpaka zamu inayofuata ifike, kando yake ubao wa kundi: joto la donge, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Anayeukata ni mkandaji na mchomaji wa kundi hilo, wote wawili wakiwa wamesimama. Iliyobaki ikikaushwa inauzika kama tosti, iliyo mbichi kabisa kuna wafugaji wa kuku.

---

Mwalimu_Chumbageni:

Jumatatu: kipimajoto, mzani wa donge, na kadi mbili tu, ya mkandaji na ya mchomaji. Usiguse ndugu, usiguse faini. Ubao ukishajazwa wiki mbili bila kuruka, unakuwa na namba za kumwonyesha tajiri, na hapo ndipo umpelekee suala la faini kwa maovu manne, maana ataona mwenyewe zipi hazijamrekebisha mtu. Viti vitatu vya dada yetu wa Pangani vifuate. Ndugu wa fedha awe wa mwisho, tena baada ya tajiri kuwa amekaa angalau zamu moja ya usiku.

Na kadi zimalizike kabla ya Ramadhani. Mwezi huo mauzo ya asubuhi yanashuka, oda ya futari inatakiwa madukani kabla ya alasiri, zamu zinapinduka, na mchomaji wa mchana atakuwa amefunga mbele ya tanuri. Kila kadi iwe na upande wa pili wa saa za Ramadhani, na uandikwe na hao wachomaji wenyewe.